Muhogo Umefikaje Malindi?

Kwa Mhariri,

Ukurasa wako wa vitabu wa mwisho wa wiki umekuwa ukichapisha maoni ya wasomaji kuhusu hadithi za historia mbadala, zile ambazo sisi huziita hadithi za lau: lau Vasco da Gama angezama, lau Pate ingeishinda Lamu, lau Wajerumani wasingeiachia Witu. Tunashukuru kwa nafasi hiyo. Ila maoni mengi yanayochapishwa ni ya aina mbili tu. Kuna yanayosema mwandishi "amepotosha historia", kana kwamba hakujua anachokifanya. Na kuna yanayosema hadithi "inasisimua na ina mafunzo", yakaishia hapo. Anayetaka kujua kama kitabu kinafaa kusomwa hapati jibu, na mwandishi naye hajui arekebishe nini. Sisi tunazisoma na kuzihakiki hadithi hizi, na tunaomba utuvumilie tueleze kazi yenyewe inavyofanywa.

Kila hadithi ya lau ina njia panda, yaani siku au mwaka ambapo yaliyotokea kweli na ya kitabuni yanaachana. Kabla ya hapo kila kitu ni kile tukijuacho. Baada ya hapo mwandishi ana ruhusa, lakini kila anachokigeuza kina bei yake, na mhakiki ndiye anayepiga hesabu. Basi kazi ya kwanza ni kuitafuta njia panda na kuiandikia tarehe. Mara nyingi haitajwi wazi. Utaikuta imejificha katika neno la mzee anayesimulia, au katika jina la mtaa, au katika sarafu inayotolewa sokoni. Ukifika katikati ya kitabu hujaiona, rudi mwanzo usome mazungumzo peke yake. Waandishi wengi huificha huko. Na ukiona njia panda mbili, ingia shaka. Aliyemzamisha Gama mwaka 1498 kisha akawapa watu wa Pate meli za mvuke mwaka 1600, mara nyingi ameliweka lau la pili ili kuziba tundu aliloliacha la kwanza.

Ukishaipata tarehe, chukua karatasi uigawe safu tatu. Katika safu ya kwanza andika kilichobadilika. Katika ya pili, kilichobaki vilevile. Ya tatu ni ya kile ambacho lazima kibadilike kwa sababu ya kile cha kwanza, hata kama mwandishi hakukitaja. Safu hii ya tatu ndiyo uhakiki wenyewe, na ndiyo ambayo maoni mengi ya ukurasa wako hayaigusi.

Tuichukue njia panda inayopendwa kuliko zote hapa Pwani. Gama anazama, Wareno wanakata tamaa ya bahari hii, hawaji tena. Haya, tufuate. Bila Wareno hakuna Fort Jesus, maana wao ndio walioanza kuijenga mwaka 1593. Bila Fort Jesus hakuna mazingiwa ya 1696 hadi 1698, na Waomani hawaingii Mombasa kwa mlango ule. Wasipoingia, hakuna maliwali wa Kimazrui, ule ukoo wa Kiomani ulioitawala Mombasa. Bila Mazrui hakuna jeshi la kuungana na Pate na kuteremka Shela, kisiwani Lamu, mwanzoni mwa karne ya 19. Bila vita vya Shela, Lamu haina haja ya kumwomba Sayyid Said, mtawala wa Omani, ulinzi, na ile ngome iliyomalizika yapata 1821 chini ya ulinzi huo haijengwi. Sasa unafungua sura ya tisa, mwaka ni 1840, na shujaa amefungwa wapi? Katika Ngome ya Lamu. Mwandishi ameung'oa mti akaendelea kuchuma matunda yake.

Kosa la aina hii linaonekana kwa sababu ngome ni kubwa. Kuna jingine dogo linalowapita wengi, nalo liko sufuriani. Mahindi, muhogo, korosho, nanasi, papai, pilipili kali na tumbaku vyote vina asili ya bara la Amerika, na kwa kiasi kikubwa vilifika pwani hii kwa njia ya Wareno. Mpishi wa Malindi wa mwaka 1650, katika ulimwengu ambao Wareno hawakuja, ana mtama, wimbi, mchele, kunde, nazi, ndizi, miwa, samaki, mbuzi, ukwaju, tangawizi na pilipili manga ya Bara Hindi. Hana muhogo wa nazi. Hana sima ya mahindi. Ukimkuta shujaa ameketi kibarazani anatafuna korosho za kuchoma, simama hapo.

Simama, lakini usikimbilie kuandika kwamba mwandishi amekosea. Gama kuzama hakuwarudishi Wahispania kwao: wamefika Amerika tangu 1492, na wamejikita Ufilipino tangu 1565. Muhogo unaweza kuvuka bahari kwa upande ule, ukaja na wafanyabiashara wa Malaka au Gujarati. Mwandishi akitia sentensi moja tu, ya mchuuzi anayejisifu kwamba mbegu zake zimetoka visiwa vya mashariki, deni limelipwa, tena ulimwengu wake umepanuka. Kwa hiyo mhakiki huuliza: muhogo huu umefikaje Malindi? Akilikuta jibu kitabuni, hata likiwa fupi namna gani, anyamaze. Asipolikuta, aandike.

Wako wahakiki wanaotaka hata maneno kama meza, leso, bendera, gereza na karata yafutwe katika hadithi hizo kwa kuwa asili yake ni Kireno. Hapo tunaona wamevuka mpaka. Msimulizi anasema na sisi wa leo, na lugha yake ni yetu. Mhusika akiwa mkali wa lugha na mwandishi akamtafutia neno jingine la kutaja meza, ni uhodari wa ziada, wala asiyefanya hivyo hapunguziwi alama.

Tukirudi kwenye Gama, kuna lau jingine lililo jembamba zaidi: lau mfalme wa Malindi angemnyima rubani. Hadithi nyingi huanzia hapo na kurasa tatu mbele Ureno imekwisha habari. Uzito haulingani. Bandari ya Malindi siku hizo ilikuwa na merikebu za kutoka Bara Hindi, na kila merikebu ina mtu anayeijua njia. Na mwaka 1500 nahodha wa pili, Cabral, alitoka Ureno na merikebu 13. Kumnyima mtu mmoja rubani hakuzuii kundi kama hilo. Kunachoweza kufanya ni kumchelewesha wa kwanza, na kuchelewa peke yake ni hadithi kubwa ajabu kwa anayezijua pepo. Gama aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi, yaani upepo wa kusini, ndiyo kwanza inaanza, akafika pwani ya Kalikuti tarehe 20 Mei. Angekwama Malindi wiki sita tu, angeikuta kusi imekolea, na bandari za Malabari hazifikiki kuanzia Juni hadi Agosti. Ingembidi angoje. Hebu fikiria miezi mitatu au zaidi ya mabaharia wageni, wenye silaha na njaa, katika bandari ya mfalme mwenye ugomvi na Mombasa. Riwaya nzima iko hapo, na waandishi wanaipita mbio wakikimbilia kuzamisha merikebu.

Ushahidi wa bei ya upepo upo katika safari yenyewe. Kurudi waliondoka Bara Hindi mwanzoni mwa Oktoba, kabla kaskazi, upepo wa kaskazini, haijatulia, wakafika Malindi tarehe 7 Januari 1499. Kwenda majuma manne hayakutimia. Kurudi miezi mitatu. Watu walikufa kwa wingi kiasi kwamba merikebu moja ilichomwa moto kwa kukosa wa kuiendesha. Mhakiki anayezijua tarehe hizi anaweza kumwambia mwandishi lau yake inaishi miezi mingapi, na ikafa lini.

Na tafadhali, wasomaji waache kuwakemea waandishi kwa kutomfanya Ahmad ibn Majid kuwa rubani huyo. Wanahistoria wengi siku hizi hawakubali kwamba alikuwa yeye. Mwandishi akimtumia ni chaguo lake, na akimwacha vilevile.

Upepo hauna lau, na hilo ni jambo la kupima katika kila hadithi ya pwani hii, iwe imeanzia mwaka gani. Kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, ndiyo inayoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi, kuanzia Aprili, ndiyo inayoyarudisha. Jahazi la tanga linaloingia Lamu likitoka Maskati mwezi wa Julai limekuja kwa muujiza. Mwandishi anaweza kumbadilisha sultani, dini ya mji, hata bendera ya bandarini, lakini akigusa pepo ameandika aina nyingine ya kitabu. Mwandishi makini huenda mbali zaidi: mabaharia wake hawahesabu kwa Januari na Februari, wanahesabu kwa miongo, siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa mabaharia. Akifanya hivyo mpe haki yake kwa maandishi. Ni kazi isiyoonekana, na ni mhakiki peke yake anayeweza kuionyesha.

Maji nayo ni hivyo hivyo. Vita vya Shela vina hadithi za lau zisizohesabika, kwa kuwa masimulizi ya Lamu yenyewe yanasema mashua za wavamizi zilikwama maji yalipokupwa na waliokimbilia ufukweni hawakupata pa kutokea. Lau maji yasingekupwa! Ni njia panda nzuri, yenye kimo cha mtu, na matokeo yake yanafuatika: Lamu ikishindwa haimwiti Sayyid Said, Mazrui wa Mombasa hawabanwi upesi, na huenda hawana sababu ya kumkimbilia Kapteni Owen wa Uingereza mwaka 1824 kutafuta ulinzi wa bendera yake. Ila mwandishi wa Lamu akikosea maji atachekwa na watoto, kwa hivyo mhakiki ayapime.

Upimaji wenyewe si mgumu. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, yaani maji makubwa. Katika pwani yetu siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa mnamo saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata huchelewa yapata dakika 50. Siku za bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 3. Siku za maji mafu, wiki moja baadaye, tofauti hiyo hupungua sana. Sasa tuseme mwandishi ameandika kwamba mwezi ulikuwa mpevu na mashua za adui zikakwama mchangani wakati wa magharibi. Haiwezekani. Magharibi ya mwezi mpevu maji yametoka kujaa, ndiyo kwanza yanaanza kurudi. Akisema basi nisogeze vita siku tisa mbele ili maji yawe yamekupwa magharibi, amejitia katika maji mafu, na maji mafu hayapwi kiasi cha kuliacha jeshi zima mchangani. Anachohitaji ni bamvua na saa nne au saa tano ya asubuhi, jua likichoma. Mhakiki akiandika mistari miwili ya namna hii amemfaa mwandishi kuliko kurasa tatu za sifa, na toleo la pili la kitabu litaonyesha.

Kwa mwaka wa vita hivyo, mhakiki awe mpole. Vitabu vinatofautiana, wengine 1812, wengine 1813 au mbele kidogo. Khabari za Pate, yaani masimulizi ya watawala wa Pate, nazo zimetufikia kwa nakala zisizolingana. Mahali ambapo wanahistoria hawajakubaliana, mwandishi wa hadithi ana haki ya kuchagua. Kinachotakiwa ni achague mara moja. Asiwe na 1812 katika sura ya pili na 1814 katika sura ya saba.

Witu, ule usultani mdogo wa bara karibu na Lamu, tutaigusa kwa ufupi. Ilikuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani tangu 1885 hadi mkataba wa Julai 1890, waliposalimisha madai yao kwa Waingereza katika mapatano yaliyowapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland, na Oktoba ya mwaka huohuo Waingereza wakauchoma mji. Njia panda ni safi na tarehe zinajulikana. Kinachoharibika ni fedha. Waandishi hupenda kuwapa wahusika wa Witu ya Kijerumani ya mwaka 1895 heli mfukoni, ilhali heli zilianza Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904. Kabla ya hapo rupia iligawanywa kwa pesa 64. Ni kosa dogo, linasahihishwa kwa kalamu ya risasi, na mhakiki alitaje kwa sauti ya kosa dogo.

Nyumba husahaulika zaidi. Waandishi wanaoifanya Lamu kuwa mji mkuu wa dola kubwa huwajengea masultani kumbi pana za kupokelea mabalozi, watu mia wamekaa duara. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba, upana wake kwenye mita 2.5 hadi 3, kwa sababu sakafu ya juu hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya hapo ikiwa imebeba mawe ya matumbawe na chokaa. Ukumbi mpana unataka ama safu za nguzo katikati, ama matao, ama kuba, ama mbao ndefu kutoka ng'ambo. Mwandishi achague mojawapo, kisha wahusika wake waione. Mbao za msaji kutoka Malabari, kwa mfano, zinamaanisha biashara, na biashara inamaanisha kuna mtu anadaiwa. Ghafla ukumbi umeleta kisa. Ndiyo maana tunasema kuuliza habari za boriti si udaku wa fundi.

Kuna suala la watu, na hapa wahakiki wenyewe hatukubaliani. Njia panda ikiwa 1498, je, Sayyid Said aliyezaliwa 1791 anaweza kuonekana kitabuni? Kwa hesabu kali hawezi. Karibu miaka mia tatu ya ndoa, safari na vifo tofauti haimleti mtu yuleyule kwa mama yuleyule. Wengine wanaona hilo linamnyima msomaji nyuso anazozijua, na wanaruhusu jina lirudi. Msimamo wetu ni kwamba kizazi kimoja baada ya njia panda kinaruhusiwa, maana waliokwisha zaliwa wamezaliwa. Baada ya hapo mwandishi aunde watu wake. Akileta jina maarufu karne tatu mbele, kwa kawaida ni kwa sababu hakutaka kazi ya kumjenga mhusika mpya, na hilo huonekana katika mazungumzo: jina kubwa, maneno mepesi.

Lau inayotugusa zaidi sisi wa Lamu ni ya lugha. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Basi wako waandishi wanaouliza: lau kingechaguliwa Kiamu, lahaja ya Lamu? Tumesoma majaribio kadhaa, na mengi huanguka mahali pamoja. Msimulizi anaandika kwa Kiunguja, "njia", "nje", "vitu", "moja", na wahusika wa Lamu peke yao ndio wanaosema "ndia", "nde", "zitu", "moya". Huo ndio ulimwengu wetu huu tunaoishi, wenye sanifu ya Unguja na Mwamu wa kuchekesha pembeni. Katika ulimwengu wa hadithi mambo yangekuwa kinyume: simulizi nzima, kitabu cha shule, tangazo la serikali, vyote vimeandikwa "ndia", na kijana wa Unguja anayesema "njia" ndiye anayesahihishwa na mwalimu. Mwandishi akiogopa kwamba wasomaji wa bara hawatamfuata, afanye hadithi fupi ya kurasa kumi badala ya riwaya. Kurasa kumi msomaji wa Kisumu atazivumilia, na atakapoizoea lugha hadithi itakuwa imefika mwisho.

Tugeukie aina ya pili, ambayo vijana wengi huandika na kutumiana kwa simu. Hapa historia haiguswi. Mhusika anayejulikana anachukuliwa na kupandikizwa penginepo: Abunuwasi anaongoza watalii Malindi, Fumo Liyongo ni nahodha wa boti ya abiria kati ya Mokowe na Lamu. Mhakiki wa aina hii hahitaji tarehe. Anahitaji kujua ni kitu gani kilichomfanya mhusika awe yeye, na kama kimevuka salama. Njia rahisi ni kuorodhesha vitu vya kisa cha asili, kisha kuuliza kila kimoja kilikuwa na kazi gani.

Liyongo amefungwa. Vyakula vizuri vinavyotoka kwa mama yake walinzi wanavila wao. Basi mama anaoka mkate wa wishwa, ndani ametia tupa. Walinzi wanauona ni wa wishwa, wanaudharau, wanamtupia mfungwa. Ndipo anakata minyororo huku ngoma na nyimbo za nje zikifunika mlio wa chuma. Kazi ya mkate huo ni kudharaulika. Sasa mwandishi anampeleka Liyongo jela ya leo, na mama anamletea keki kubwa ya siku ya kuzaliwa yenye msumeno ndani. Kisa kimekufa hapo hapo, kwa sababu keki ingeliwa na walinzi kabla haijafika. Anayeijua kazi yake angempelekea kitu ambacho askari jela hataki hata kukishika. Vivyo hivyo ngoma: lazima kuwe na kelele, na kelele iwe na sababu ya kuwapo. Na ile sindano ya shaba ya kitovuni, inayotiwa na mwana wa kumzaa, haifanyi kazi ya silaha peke yake. Ni siri ambayo mtu wa ndani pekee anaweza kuipata. Mwandishi aliyeibadilisha kuwa risasi ya adui ameua mtu mwingine, si Liyongo. Kinyume chake, aliyeifanya kuwa neno la siri la akaunti ya benki, ambalo mwana analiuza, ameelewa. Linaonekana la mzaha, lakini linashika.

Makosa ya aina hii ya pili ni mawili makubwa. Mhusika anabaki na jina tu, tabia zote zikiwa mpya. Hapo mshauri mwandishi ampe jina jingine na hadithi haitapoteza kitu. Au mwandishi anafuata kisa cha asili hatua kwa hatua hadi msomaji anajua kila kitakachotokea. Hilo la pili husameheka zaidi, kwa sababu wasomaji wengine wanakuja kwa raha hiyo hiyo ya kuona kila kitu kimegeuzwa kuwa nini.

Sasa kuandika. Soma mara mbili. Mara ya kwanza soma bila kalamu, kama anayesoma kwa starehe, kwa sababu hadithi inayochosha haiokolewi na usahihi wa pepo na maji. Mara ya pili tia alama pembeni: K kwa kosa, CH kwa chaguo, D kwa deni, yaani jambo ambalo mwandishi hajalieleza lakini huenda akalieleza mbele. Ukimaliza, rudi kwenye kila D uone kama ililipwa. Zilizolipwa zifute. Zisizolipwa zichague mbili au tatu zenye uzito, zile ambazo kisa kimezisimamia, nyingine ziache. Orodha ya makosa ishirini ni ya kumpelekea mwandishi kwa barua, haina faida gazetini.

Uhakiki uanze kwa kutaja njia panda na mwaka wake, katika sentensi ya kwanza au ya pili. Huko si kuitoa siri ya kitabu. Ni kama kusema kitabu kinahusu nini. Siri iko katika matokeo, na hayo usiyataje kupita theluthi ya kwanza. Nukuu kifungu kimoja, maneno 40 yanatosha, ili msomaji asikie sauti ya mwandishi mwenyewe. Taja kosa pamoja na ukurasa wake. Na useme waziwazi ni lipi ni kosa na ni lipi ni chaguo ambalo wewe tu hukulipenda. "Mwandishi amewafanya watu wa Pate washindi" ni chaguo. "Mashua zimekwama magharibi ya mwezi mpevu" ni kosa. Ukurasa wako umekuwa ukichanganya mawili hayo kila wiki, na kuna waandishi chipukizi wamelaumiwa kwa la kwanza kana kwamba ni la pili.

Kuhakiki kunataka pa kuangalia pia. Kwa walio Lamu, ndani ya Ngome mna maktaba, na jumba la makumbusho liko hatua chache. Walio Malindi wana makumbusho yao na ile nguzo ya Gama yenyewe. Kwa maji, jedwali la bandari au mvuvi yeyote. Kwa majira ya pepo, muulize nahodha mzee kabla hujafungua kitabu.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni haya machache. Uhakiki wa riwaya upewe maneno 600, wa hadithi fupi 300; chini ya hapo hakuna nafasi ya kutaja kosa na kulieleza. Mwaka wa njia panda uchapwe chini ya jina la kitabu, pamoja na bei na idadi ya kurasa. Mwandishi aliyekosolewa apewe maneno 150 ya kujibu wiki inayofuata, kwa kuwa mara nyingine deni tunalosema halikulipwa lililipwa ukurasa ambao sisi tuliupita. Na wanaoleta hadithi zao kwako kwa ajili ya kuhakikiwa waambiwe wazipige kurasa nambari. Nyingi zinazofika kwa simu hazina nambari hata moja, na mhakiki analazimika kuandika "pale Liyongo anapofika Mokowe" ilhali Liyongo amefika Mokowe mara nne.

Wasomaji na wahakiki wa hadithi,
Mkomani, Lamu